SOMO LA KUMI NA NNE: TURUBAI LA KULALIA

Kaeni kitako, na mwenye penseli aiweke karibu, maana leo tuna hesabu kidogo. Somo letu ni la historia, lakini hatutazungumza habari za wafalme wala vita. Tutazungumza habari za kitanda, tena kitanda kisicho na miguu: turubai la kulalia, ambalo msafiri hulikunja asubuhi, akalifunga kwa mikanda, akaondoka nalo. Tutaona pia maisha ya fundi mmoja aliyeshona vitu vya turubai katika mji mdogo, na jambo lililompata.

Kwanza tukijue kitambaa chenyewe. Bibi zetu walivaa nguo iitwayo merikani. Jina hilo latokana na Marekani, kwa sababu wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, waliileta Unguja kwa meli katika karne ya 19. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na serikali ya Marekani, na nguo hiyo ikaenea mpaka bara. Basi turubai la pamba ni ndugu wa merikani. Vyote viwili vimefumwa kwa njia ile ile rahisi, uzi mmoja juu na mmoja chini. Tofauti yao ni unene. Nyuzi za turubai husokotwa mbili au zaidi pamoja kabla ya kufumwa, kisha hubanwa sana. Mvua ikinyesha, pamba huvimba na vitundu vikazibika, maji yakateremka nje. Lakini ukiligusa kwa ndani likiwa limelowa, maji hupenya pale pale ulipogusa. Waliopata kulala hemani wanajua nasema nini.

Sasa twende Marekani ya magharibi, miaka ya baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1865. Katika jimbo la Texas walikuwako ng'ombe wengi mno, na wanunuzi walikuwa wachache. Ng'ombe wa dola 4 pale Texas aliweza kupata dola 40 katika miji ya kaskazini. Kwa hiyo tangu mwaka 1867 watu walianza kuwaswaga makundi kwa makundi mpaka mji wa Abilene, jimbo la Kansas, ilikofika reli. Kundi moja lilikuwa na ng'ombe elfu mbili au tatu, na safari ilichukua miezi miwili au mitatu. Wachungaji walikuwa kama kumi tu, kila mmoja juu ya farasi. Wenye kuandika historia hukisia kwamba kama mmoja katika kila wachungaji wanne alikuwa mtu mweusi, na wengi wao walikuwa watumwa kabla ya vita ile. Katika picha za sinema za zamani hutawaona, lakini walikuwako.

Watu hawa walilala nje kila usiku. Hapakuwa na hema kwa wachungaji, wala nyumba njiani. Kila mtu alikuwa na turubai lake, pana kama futi 6 au 7, na refu kama futi 14 mpaka 18. Alilitandaza lote chini, akaweka mablanketi juu ya nusu moja, kisha nusu ya pili akaikunja kuanzia miguuni ikamfunika. Kwa hiyo alikuwa na turubai chini la kuzuia unyevu wa ardhi, na turubai juu la kuzuia mvua. Asubuhi aliingiza nguo zake za akiba, barua zake na kila alichokuwa nacho, akaviringisha, akafunga kwa mikanda ya ngozi na kutupa mzigo katika gari la mpishi. Gari hilo la chakula lilibuniwa mwaka 1866 na Charles Goodnight, tajiri wa ng'ombe wa Texas. Mchungaji akionekana anaushusha mzigo wake garini asubuhi na kuufunga juu ya farasi, wenzake hawakuhitaji kuuliza. Ameacha kazi.

Haya, shikeni penseli. Turubai huuzwa kwa uzito. Wakisema ni turubai la wakia 18, maana yake ni kwamba yadi moja ya mraba ina uzito wa wakia 18. Tuseme fundi amekata kipande chenye upana wa yadi 2 na urefu wa yadi 5. Eneo lake ni yadi 10 za mraba. Mara 18, tunapata wakia 180. Ratili moja ni wakia 16, basi turubai hilo lina ratili 11 na robo, kabla hujaweka hata blanketi moja! Hiyo ndiyo sababu walihitaji gari. Mtu wa kwenda kwa miguu angechagua turubai la wakia 10 au 12, na angevumilia likichakaa mapema.

Fundi mwema hakati upesi. Pamba mbichi hurudi ikipata maji, kwa hiyo lazima ailoweshe na kuikausha kwanza, au aongeze kipimo. Kitambaa kisipokuwa na upana wa kutosha, itabidi aunganishe vipande viwili, na hapo ndipo kazi ilipo. Mshono wa kawaida hautoshi. Hukunja kingo za vipande vyote viwili zikaingiana kama vidole vya mikono miwili, kisha hupitisha mistari miwili ya uzi uliopakwa nta ya nyuki. Kila maji yanapotaka kupita hukuta kitambaa mara nne. Pembeni hutia pete za shaba, naye hushona kiraka nyuma ya kila pete, maana pete iliyotiwa katika kitambaa kitupu hung'oka siku ya upepo wa kwanza. Mafundi wa matanga ya majahazi kule Lamu wanaijua kazi hii, na baadhi yao siku hizi hukata matanga makuukuu na kushona mifuko ya kuuza. Sindano ya turubai ni nene na ncha yake ina pembe tatu. Huisukumi kwa kidole. Husukumwa kwa kiganja kilichovikwa kipande cha ngozi.

Na mwenye kulinunua ana kazi moja kubwa: asilikunje likiwa bichi. Turubai bichi likifungwa siku mbili huota ukungu, na ukungu hula pamba kimya kimya. Fundi atalaumiwa bure.

Lakini hapa biashara ina taabu yake. Turubai likishonwa vizuri hudumu miaka mingi, na mwenye kulinunua harudi dukani upesi. Mji mdogo una watu wangapi wa kulala nje? Kwa hiyo mafundi wa turubai katika miji ile hawakuweza kuishi kwa kitu kimoja. Walishona mahema, vifuniko vya magari na nguo za kufunika farasi, tena walitengeneza vilivyochanika. Mimi naona kazi ya kutengeneza ndiyo iliyowafundisha zaidi, kwa sababu kitu kilichochanika humwonyesha fundi mahali alipokuwa dhaifu.

Mmoja wao aliitwa Jacob Davis. Alizaliwa Riga, katika nchi ambayo leo ni Latvia, akahamia Marekani. Mwaka 1868 alifika Reno, jimbo la Nevada, mji uliokuwa umezaliwa mwaka ule ule kwa sababu ya reli. Alikuwa mshona nguo, lakini wateja wake walikuwa watu wa kazi ngumu, basi akawashonea mahema, vifuniko vya magari na nguo za farasi. Turubai la pamba alilinunua kwa kampuni ya Levi Strauss ya San Francisco, iliyouza vitambaa kwa jumla.

Katika majira ya baridi ya 1870 kuingia 1871, mwanamke mmoja alikuja dukani. Mumewe alikuwa mkata kuni, na suruali zake hazikukaa. Alitaka suruali ya nguvu, akalipa dola 3. Davis aliikata kwa turubai. Ilipokwisha, macho yake yakaangukia ribiti za shaba mezani. Ribiti ni kijisumari kifupi ambacho hupitishwa katika kitambaa, kisha ncha yake hupondwa isitoke. Yeye alizitumia kukaza mikanda ya nguo za farasi. Akafikiri: suruali huchanika wapi? Huchanika kwenye pembe za mifuko, mtu anapotia mikono na vyombo. Basi akapiga ribiti pale.

Habari zikaenea kwa midomo ya wateja. Katika mwaka mmoja na nusu aliuza suruali 200 hivi, na majirani wakaanza kuiangalia kazi yake kwa jicho la kutamani. Alitaka hataza, yaani cheti cha serikali cha kumzuia mtu mwingine asiige. Gharama yake ilikuwa dola 68, na Davis hakuwa tayari kuzitoa peke yake. Mwaka 1872 akapeleka barua kwa Levi Strauss, pamoja na suruali mbili za mfano. Akaeleza siri yake, akaomba washirikiane: wao walipe gharama, naye atoe ujuzi. Barua ile ilijaa makosa ya tahajia karibu katika kila mstari. Nawaomba ninyi mnaoona haya kuandika barua mlikumbuke jambo hili, kwa kuwa waliosoma walimwelewa, wakakubali.

Ofisi ya hataza ilikataa ombi lao zaidi ya mara moja. Mwishowe, tarehe 20 Mei 1873, cheti namba 139,121 kikatolewa kwa jina la Jacob Davis pamoja na kampuni ya Levi Strauss. Davis akafunga duka la Reno, akahamia San Francisco kusimamia ushonaji. Je, alifanya vyema? Wengine husema aliuza siri yake. Mimi sikubaliani nao. Angebaki Reno bila cheti, kila mshona nguo wa Nevada angepiga ribiti kabla mwaka haujaisha. Lakini ni kweli pia kwamba jina lililobaki kwenye suruali ni la mwuza vitambaa. Muda wa cheti ulikwisha mwaka 1890, na kila mtu akawa na ruhusa ya kuiga. Levi Strauss alikufa mwaka 1902, Jacob Davis mwaka 1908.

Zile safari ndefu za ng'ombe zilikuwa zimekwisha tayari. Seng'enge, ambayo Joseph Glidden alipata hataza yake mwaka 1874, ilizifunga njia, na reli ikafika Texas kwenyewe. Turubai la kulalia halikufa. Mpaka leo, magharibi ya Marekani na huko Australia pia, vipo viwanda vidogo vya watu wachache vinavyolishona, kwa mshono ule ule wa kukunja, kwa ajili ya wachungaji waliobaki na watu wanaopenda kulala porini.

Kazi yenu ya juma hili: pimeni turubai la yadi 2 kwa yadi 6, la wakia 12. Andikeni uzito wake kwa ratili. Kisha kila mmoja alete darasani kitu kimoja cha nyumbani kilichochanika, kikapu, gunia au shati, mtazame pamoja kilianza kuchanika wapi.