Toleo la mapema (michezo ya video)

Toleo la mapema ni mchezo wa video unaouzwa ungali unatengenezwa: mnunuzi hulipa, hucheza kilichopo, kisha hupokea masasisho hadi ukamilike. Minecraft iliuzwa hivyo tangu 2009, ingawa toleo kamili lilifika Novemba 2011. Duka la Steam liliurasimisha utaratibu huo mwaka 2013.

Je, tarehe halisi ya kutoka ni ya toleo la mapema au ya mchezo kamili? Hapa Baldur's Gate 3 ya Larian Studios, kampuni ya Ubelgiji, haiachi shaka. Oktoba 2020 wanunuzi walipata sehemu ya kwanza tu ya hadithi, na mwanzoni wahusika wao waligota ngazi ya 4. Mchezo mzima, wenye ngazi 12, ulitoka Agosti 2023 na kutwaa tuzo kuu ya The Game Awards mwaka huohuo. Kuuhesabu kuwa wa 2020 ni kuwanyima watengenezaji jasho la miaka mitatu.

PUBG, mchezo mwingine uliouzwa kama toleo la mapema, ni kesi ngumu zaidi. Iliwania tuzo hiyohiyo mwaka 2017, mamilioni wakiicheza, kabla ya kutangazwa kamili Desemba 20. Hata tukihesabu tarehe ya toleo kamili, aliyelipa ana haki ya kuhoji kasoro tangu siku ya kwanza, kwani Steam yenyewe huonya kwamba baadhi ya michezo hiyo huenda isikamilike.