Jipange, Usijifanye

Kijana Mkenya akilia kwamba mapenzi yamemlemea, atapewa mashauri mawili, mara nyingi na mtu mmoja na kwa pumzi moja. La kwanza ni "jipange." Tafuta kazi, nunua viatu, inua vyuma, acha kulala saa tisa. La pili ni "usijifanye." Usiazime gari la cousin, usiseme unaishi Kileleshwa na wewe uko Githurai, usitume mistari uliyoikopi kwa mtandao. Ukiyaangalia vizuri, mashauri haya yanagombana. Kujipanga ni kujibadilisha. Kutojifanya ni kubaki ulivyo. Sasa mwanaume ashike lipi?

Siku hizi swali hili linauzwa kama bidhaa mpya. Kuna Masculinity Saturday, kuna walimu wa mapenzi wa YouTube, na kila tarehe 14 Februari tunatumiana mzaha wa Kongamano la Wanaume. Lakini swali ni kongwe kuliko nyanya zetu. Ukitaka kuliona likiwa changa, panda matatu Nakuru uelekee Nyahururu. Karibu na mstari wa ikweta barabara itakupitisha bonde la Subukia, chini ya ukuta wa Laikipia. Wengi tunalijua kwa sababu ya Village of Mary, pale Wakatoliki wanapokwenda kuhiji. Kabla ya mahujaji, bonde hili na majirani zake lilikuwa shule ngumu ya kujipanga.

Anza na ardhi, kwa sababu hapa kwetu hadithi ya mapenzi haiendi mbali bila ardhi. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu hizi za Bonde la Ufa na Laikipia, na mashamba yakagawiwa walowezi Wazungu. Subukia ikawa sehemu ya zile nyanda zilizotengewa Wazungu peke yao. Mlowezi alikuwa na eka nyingi na mikono michache. Ndipo familia za Wakikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri zilipokuja kuwa maskwota: unamfanyia Mzungu kazi, naye anakuachia kipande cha kulima na mahali pa kulisha mifugo. Sheria ya 1918 ilitaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka.

Kwa nini kijana akubali hayo? Mwanahistoria Tabitha Kanogo, aliyeandika kitabu kizima kuhusu maskwota wa Bonde la Ufa, anatuonyesha kwamba kilichowavuta wengi ni malisho. Kule nyumbani ardhi ilikuwa imebana. Huku mtu aliweza kufuga mbuzi wakaongezeka. Na mbuzi hawakuwa mbuzi tu. Walikuwa ruracio, yaani mahari, na bila ruracio ulibaki kijana hata mvi zikikuota. Kujipanga wakati huo kulihesabiwa kwa miguu minne.

Kisha ikaja kifagio. Hilo ndilo jina maskwota walilolipa zoezi la miaka ya 1920 la walowezi kuwapunguzia mifugo, ama kuiondoa kabisa, mashambani. Neno la Kiswahili, na halihitaji maelezo. Mifugo ilifagiliwa. Mwaka wa 1937 ikapitishwa sheria nyingine iliyowapa walowezi wa kila wilaya nguvu ya kuamua skwota afuge wangapi na afanye kazi siku ngapi zaidi. Hebu jiweke kwenye nafasi ya kijana wa miaka 22 aliyekuwa na mbuzi 20 Januari, na kufika Desemba amebaki na 3. Mwambie "jipange, bro." Yeye alishajipanga. Kuna mtu alipita na ufagio.

Ninaanza na kifagio kwa sababu mashauri ya leo hulisahau jambo hilo. Yanaongea kana kwamba mwanaume asiye na kitu ni mwanaume asiyejituma. Historia ya bonde hili inasema kwamba mara nyingi alijituma mpaka akaonekana, na kuonekana kwenyewe ndiko kulikomponza.

Sasa tugeukie shauri la pili. Shahidi maarufu wa "usijifanye" yuko mbali kidogo na Subukia: London, mwaka wa 1938. Hapo ndipo Jomo Kenyatta alipochapisha Facing Mount Kenya, na ndani yake akaeleza ngwiko, desturi ya vijana wa Kikuyu ya kukaribiana kabla ya ndoa. Wasichana walikwenda thingira, nyumba ya wavulana, wakala pamoja, wakapiga stori, na wawili wakalala wakikumbatiana bila kuvuka mpaka uliojulikana na wote. Mvulana aliyevuka alihukumiwa na rika lake mwenyewe: faini, na kutengwa. Tukumbuke Kenyatta aliandika akiwa mtetezi wa watu wake mbele ya Wazungu waliowaita washenzi, kwa hiyo huenda alipaka rangi kidogo. Hata hivyo kanuni yenyewe ni ya kushika. Tabia ya mwanaume haikuwa siri yake. Rika lilimjua. Hakuwa na njia ya kuwa mtu mmoja kwa wenzake na mwingine kwa msichana, maana wenzake walilala chumba kicho hicho.

Lakini fungua kitabu hicho uangalie picha ya mwandishi. Amevaa ngozi begani, ameshika mkuki, anagusa ncha kama anayepima ukali. Wanaosimulia maisha yake wanasema vazi lilikuwa la kuazima na mkuki ulichongwa kwa ubao hukohuko Uingereza. Na jina Jomo lilikuwa geni: alizaliwa Kamau, akabatizwa Johnstone, akawa Johnstone Kenyatta, na kwenye jalada la kitabu hiki ndipo "Jomo" alipotokea. Mtu aliyetuandikia kuhusu Mkikuyu halisi alikuwa katikati ya kujitengeneza upya. Je, alikuwa feki? Nadhani swali lenyewe limekaa vibaya. Wenzake wa Nairobi na Kiambu walimjua tangu enzi za Johnstone, na walikuwa tayari kumdai alichoahidi. Vazi la kuazima si uongo kama kuna watu wanaojua umeliazima kwa nani.

Turudi mashambani sasa, kwa sababu kizazi hichohicho kilikuwa na jibu lake, na jibu hilo lilichezwa. Kati ya vita viwili vya dunia na kuendelea miaka ya 1940, vijana wa Kikuyu walipenda densi inayoitwa mwomboko. Ala zake ni kodiani na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa. Inachezwa na wawiliwawili, mwanaume na mwanamke wameshikana, hatua zimepimwa, kisha mzunguko. Wanaume walivaa suti. Ukiitazama unaona wazi kwamba densi za Wazungu zimepita hapo, zile ambazo askari waliona vitani na watumishi waliona kupitia madirisha ya walowezi.

Mwanaume wa mwomboko, basi, alikuwa amekopa karibu kila kitu: koti, kinanda, hata namna ya kumshika dame kiunoni. Bado leo ukienda sherehe ya wazee ukasikia kodiani, hakuna atakayekuambia hiyo ni ya Uingereza. Ni ya Kikuyu kabisa. Imekuwaje? Kwa sababu haikuchezwa kwa kioo. Ilichezwa duarani, watu wakiangalia, na mwenzako amekushika mkono. Suti ingeweza kudanganya. Miguu ilishindwa. Mwanamke aliyecheza nawe alijua ndani ya dakika mbili kama unamsikiliza ama unajionyesha.

Jioni hizo hazikudumu. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari. Mikusanyiko ikawa kosa, na maelfu ya familia za Wakikuyu zikafukuzwa mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa Mkoa wa Kati. Duara la wanaokujua likavunjwa kwa lori na bunduki.

Baada ya uhuru mashamba mengi ya walowezi yaligawanywa kwa skimu za makazi, na mengine yakanunuliwa na kampuni za wananchi kama Ngwataniro huko Nakuru. Kipimo cha kujipanga kikabadilika kutoka mbuzi hadi hisa ya shamba. Na vijana waliohamia mji, mbali na rika, walianza kuwauliza wageni. Jarida la Drum lilikuwa na safu ya "Dear Dolly", na barua zilimiminika: nimpate vipi, nimwambie nini, mbona hanijibu. Mwanahistoria Kenda Mutongi amezichambua barua hizo za kati ya 1960 na 1980. Kinachochekesha, na kuuma kidogo, ni kwamba nyuma ya jina Dolly mara nyingi alikaa mhariri mwanaume. Kijana alidhani anapata siri za wanawake. Alikuwa anapokea maoni ya mwanaume mwingine aliyevaa jina la kike.

Na hapo ndipo tulipo. Mashauri mengi ya leo ni wanaume wakiwaambia wanaume wanawake wanataka nini, na mwanamke mwenyewe hayuko chumbani. Anageuzwa mtihani wa kupita ama adui wa kukwepa. Wazee wa ngwiko na wa mwomboko walikuwa na makosa yao, na wanawake wa enzi hizo walibeba mengi ambayo hatuwezi kuyatamani. Lakini kujipanga kwao kulikuwa na mashahidi, na shahidi mkuu alikuwa yule yule wanayemtaka.

Kwa hiyo nadhani mashauri yale mawili hayagombani. Jipange: vaa vizuri, tafuta hela, jifunze kuongea bila kukata watu maneno. Kopa hata suti. Kujifanya kunaanza pale unapohakikisha hakuna anayekujua atakayekutana na unayemtaka. Ukiwa umeshafikiria kumficha rafiki yako wa utotoni kwa sababu ataharibu stori, tayari una jibu.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kwamba pale mila inapodai mahari, malipo ya ishara tu yanatosha kuthibitisha ndoa. Mbuzi wote si lazima. Ila kwenye ruracio za Wakikuyu kuna mchezo ambao pesa haiumalizi. Wasichana kadhaa hufunikwa kwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wanapangwa mstari, na bwana harusi anaambiwa amtoe wake. Akikosea, anapigwa faini na ukumbi unavunjika mbavu. Amekuja na suti, na wazee, na bahasha. Lakini wakati huo hakuna anayeuliza yeye ni nani. Wanataka kuona kama, katika miezi yote ya kujipanga, alimwangalia huyu mwanamke vya kutosha kuijua miguu yake.