Ghala la Ikulu

Kila redio iliposema "Ikulu, Dar es Salaam", bibi yangu aliuliza: "Na ghala lake liko wapi?" Sisi wajukuu tulicheka. Leo, baada ya miaka mingi ya kufundisha historia hapa Shinyanga, naona bibi alikuwa anajua alichouliza.

Neno ikulu ni la huku kwetu, la Wanyamwezi na Wasukuma: makao ya mtemi. Bibi alizaliwa Busiya, katika Kishapu ya leo, akakulia jirani na ua wa minyaa wa ikulu. Alinisimulia nyumba za msonge, zizi la ng'ombe, uwanja wa mashauri, nyumba ya ngoma za utawala, na maghala ya mtama. Watu walilima shamba la mtemi, mavuno yakaingia ghalani. Mvua ikikataa, ghala lilifunguliwa, na mtama ukarudi kwa waliolima.

Uingereza, nchi iliyokuja kututawala, nako wakuu walikuwa na majumba yao katikati ya mashamba, na wakulima walioyazunguka walilipa kodi ya ardhi. Huko jumba lilirithiwa na mwana wa kwanza wa kiume. Usukuma wa zamani ulifuata damu ya mama: mtoto wa dada wa mtemi aliweza kutawala, lakini kwanza banang'oma, wazee wa ngoma, wamchague.

Waingereza walipotawala Tanganyika, waliufuta ushuru wa nafaka, wakataka kodi ya fedha, na mtemi akalipwa mshahara. Hapo ndipo ghala lilipoanza kukauka, ingawa ikulu ilibaki na heshima yake. Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiya alisoma Makerere na Oxford, na mwaka 1945 akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1963, nchi ikiwa huru, utemi ukafutwa kisheria.

Kule Uingereza, kodi za mirathi zilipowalemea wenye majumba, mengi yalipokewa na National Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 1895, na leo umma unayatembelea. Kwetu, Padri David Clement alihangaikia urithi wa watemi pale Bujora, karibu na Mwanza. Hapo banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani zimetunzwa ngoma za tawala mbalimbali.

Nimewapeleka wanafunzi huko. Wote hukimbilia ngoma, nami nawaacha wazitazame mpaka waridhike. Kisha tunakaa kivulini, nawaeleza kwamba ngoma ile iliwaita watu shambani na barazani, na kwamba mtemi mwenye ngoma hiyo alipimwa siku ya njaa. Ndipo nawauliza swali la bibi.