"Imebaki Pea Moja": Nani Ameshika Ufunguo wa Stoo?

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana nilikuwa na elfu nane kwa simu. Hiyo ilikuwa kodi ya nyumba, si pesa ya kuchezea. Saa tano usiku nikaona posti ya muuzaji fulani wa viatu: "Saizi 42 imebaki pea moja. Ikienda imeenda." Mimi hata sikuwa natafuta viatu. Lakini moyo ukaanza kunienda mbio kama mtu anayekimbilia matatu ya mwisho, na ndani ya dakika tatu nilikuwa nimetuma elfu nne na mia tano. Wiki iliyofuata, muuzaji yule yule, kiatu kile kile, saizi ile ile: "Imebaki pea moja." Mwenye nyumba naye hakutaka kusikia stori za viatu.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini neno "imebaki" lina nguvu kuliko neno "nzuri". Jibu nililipata kwa historia ya almasi. Twende pamoja.

Zamani almasi ilikuwa adimu kweli. Ilitoka India, na kuanzia miaka ya 1720 ikatoka Brazil pia. Waliovaa walikuwa wafalme na matajiri wachache. Kisha mwaka wa 1867, jiwe lililookotwa na kijana karibu na Mto Orange, Afrika Kusini, likatambuliwa kuwa almasi. Kufikia 1871 watu walikuwa wamefurika mahali tunapopaita Kimberley leo. Walichimba kilima kwa sururu na sepetu hadi kilima kikaisha, wakaendelea kushuka chini. Shimo lenyewe liko hadi leo, linaitwa Big Hole.

Sasa hapa ndipo stori inanoga. Walipata almasi nyingi mno, na kitu kikijaa sokoni bei inaanguka. Muulize mama mboga wakati wa msimu wa maembe. Wenye migodi wakaona kwamba wakiendelea hivyo, almasi itauzwa kama kokoto.

Akatokea Mwingereza anaitwa Cecil Rhodes. Alikuwa ameanza kwa kukodisha pampu za kutoa maji migodini, kisha akawa ananunua sehemu za wenzake moja baada ya nyingine, hadi 1888 akaunda De Beers Consolidated Mines. Shida yake haikuwa kupata almasi zaidi. Alitaka awe yeye anayeamua ngapi zitoke. Wafanyakazi Waafrika walifungiwa kambini kwa miezi na kupekuliwa wakiwa uchi, ndio jiwe lolote lisiponyoke. Tukisema kitu ni "adimu", tukumbuke pia nani alilipia huo uadimu.

Rhodes alikufa 1902 lakini mchezo uliendelea. Uchumi wa dunia ulipoporomoka, mwaka wa 1932 De Beers ilifunga migodi yake, na mawe yakawekwa stoo badala ya kuuzwa kwa bei ya hasara. Baadaye wanunuzi wakubwa walikuwa wanaitwa London mara kumi kwa mwaka. Unapewa kisanduku, bei imeshaamuliwa, chukua au uache.

Hata hapa kwa jirani huo mkono ulifika. Mwaka wa 1940 mwanajiolojia kutoka Canada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga, Tanganyika ya wakati huo. Alizozana sana na De Beers kuhusu jinsi ya kuuza mawe yake, lakini mwishowe aliuza kupitia mfumo wao. Alipofariki 1958, mgodi ukanunuliwa na De Beers pamoja na serikali ya kikoloni.

Lakini kufunga stoo ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kichwa chako. Mwaka wa 1938 kampuni ilienda kwa watu wa matangazo Marekani, na 1947 wakatoa wazo lililozunguka dunia: almasi ni ya milele. Cheki ujanja. Kitu cha milele hakiuzwi tena. Pete ya nyanya inakaa kwa droo, hairudi sokoni kushusha bei. Miaka ya 1980 matangazo yakaanza kumwambia mwanamume kwamba mshahara wa miezi miwili ndio unafaa kwa pete ya uchumba. Miezi miwili! Na mimi nilidhani nimechezwa na elfu nne na mia tano.

Kwa nini tunaingia mtego huu? Mwaka wa 1975 mwanasaikolojia Stephen Worchel na wenzake walifanya jaribio rahisi. Watu wengine walipewa biskuti kutoka kwa mtungi wenye biskuti kumi, wengine kutoka kwa mtungi wenye mbili. Biskuti ni zile zile, lakini za mtungi wa mbili zilitamaniwa zaidi. Na zilipokuwa kumi kisha zikapunguzwa hadi mbili mbele ya macho ya watu, zikatamaniwa hata zaidi. Yaani kuona kitu kinaisha kunauma kuliko kukikuta kimeshaisha.

Sisemi uhaba wote ni uongo. Mwaka wa 2017 ukame ulipiga mahindi yetu, na serikali ikaleta unga wa bei nafuu, kilo mbili kwa shilingi 90. Mathe alinituma supamaketi saa kumi na mbili asubuhi, nikakuta foleni imeshafika barabarani, na ndani hawakuruhusu mtu kubeba vile anataka. Hiyo haikuwa tamaa, ilikuwa sufuria tupu. Na ndiyo maana huu ujanja unafanya kazi: woga ambao Mungu alitupa tusilale njaa, mtu anaukopa kutuuzia viatu.

Turudi kwa almasi. Tangu 1954 almasi inaweza kutengenezwa maabara, na ni almasi halisi, si kioo. Siku hizi zinatoka kwa wingi na bei yake imeshuka sana. Mng'ao haujabadilika. Kilichobadilika ni kwamba hakuna mtu mmoja mwenye ufunguo wa stoo hiyo.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hivyo sasa nikiona "zimebaki mbili tu", najiuliza maswali mawili. Kwanza, nani ameshika ufunguo wa stoo? Pili, je, nilikitaka hiki kitu kabla ya kuambiwa kinaisha? Kama jibu la pili ni hapana, naweka simu chini nalala. Asubuhi mara nyingi hata sikumbuki ilikuwa rangi gani.

Na vile viatu? Bado ninavyo. Vinanibana kidole gumba.