Misheni ya Mtakatifu Gabrieli, Kisangani

Misheni ya Mtakatifu Gabrieli ni chimbuko la Kanisa Katoliki mjini Kisangani, uliokuwa ukiitwa Stanley Falls na baadaye Stanleyville. Iliasisiwa mwishoni mwa 1897 na padri Mfaransa Gabriel Grison, wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu lililoanzishwa na Léon Dehon huko Saint-Quentin mwaka 1878. Kabla ya hapo Grison alikuwa mmisionari nchini Ekwado.

Alipokuja Kisangani hakufika mahali patupu, na jambo hili halifai kusahaulika. Mtoni, Wagenya walivua kwenye maporomoko kwa nguzo ndefu zilizofungwa kwa kamba za mwituni, wakaning'iniza humo madema makubwa ya kukinga samaki katika maji yaendayo kasi. Wangwana, watu wa misafara ya Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, walikuwa wamekwisha kuleta Uislamu na Kiswahili. Utawala wa mabwana wa misafara ulivunjwa katika vita vya 1892 hadi 1894. Lugha yao ilibaki, na Kingwana, yaani Kiswahili chao, kingali lugha ya sokoni na nyumbani.

Mwaka 1904 eneo hilo likawa Prefektura ya Kitume chini ya Grison, na mwaka 1908 vikarieti, naye akawa askofu. Jimbo kuu liliundwa mwaka 1959. Grison alifariki mwaka 1942, katika misheni aliyoianzisha mwenyewe.