Kutoka Fundi Mitambo hadi Prodyuza: Suala la Utunzi katika Studio Binafsi za Dar es Salaam

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wa kizazi kipya nchini Tanzania, neno prodyuza halihitaji ufafanuzi. Prodyuza ndiye aliyeupika wimbo: ameunda mdundo, amechagua ala, amemrekodi msanii, amechanganya sauti na kukabidhi kazi iliyokamilika. Neno hilo likiingizwa katika lugha ya sheria ya hakimiliki, hata hivyo, hupoteza maana yake mara moja. Sheria inamfahamu mtunzi, inamfahamu mwimbaji, na inamfahamu mtayarishaji wa rekodi ya sauti, ambaye kwa tafsiri yake ni yule aliyebeba jukumu la kufanikisha kurekodiwa kwa sauti. Haina neno moja linalomtaja mtu ambaye ni hao watatu kwa wakati mmoja, katika chumba kimoja, kwa malipo ya mkupuo mmoja.

Insha hii inafuatilia namna mtu huyo alivyotokea jijini Dar es Salaam katika muongo wa 1990, na kwa nini sehemu ya kazi yake iliyo ya utunzi haikuandikwa mahali popote. Hoja inayotetewa ni kwamba ukimya huo haukutokana na upungufu wa sheria peke yake, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Ulitokana kwanza na namna ya kulipana iliyozoeleka studioni kabla sheria mpya haijatungwa, na sheria ilipokuja ilikuta desturi imekwisha kukomaa.

Ni vema kuanza na neno linalotumika kumweleza mtayarishaji wa aina hii. Watafiti wengi, wakifuata maandishi ya Ulaya na Marekani, humwita mtayarishaji huru. Istilahi hiyo ina historia yake. Kampuni ya Rough Trade ilipoanza kutoa santuri jijini London mwaka 1978, uhuru wake ulikuwa uhuru dhidi ya kitu: kulikuwa na kampuni kubwa zilizomiliki studio, viwanda na maduka, na kuwa huru kulimaanisha kuzikataa. Dar es Salaam ya mwaka 1995 haikuwa na kampuni ya kukataliwa. Kwa sababu hiyo mwandishi anapendelea neno kujitegemea, akifahamu uzito ulioachwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967 katika neno hilo. Vijana waliofungua studio binafsi hawakutoka katika nyumba ya mtu. Hapakuwa na nyumba.

Kabla yao palikuwa na redio ya taifa. Baada ya shirika la utangazaji la Tanganyika kutaifishwa mwaka 1965 na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD, studio zake za Barabara ya Pugu zikawa mahali pakuu pa kurekodia muziki wa dansi nchini. Bendi zenyewe zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walilipwa mshahara wa mwezi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa mali ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndipo herufi DDC zikatangulia jina lake. Santuri, pale zilipotolewa, zilichapwa Nairobi, na safari ya kwenda huko ilikuwa sehemu ya maisha ya mwanamuziki Mtanzania.

Katika mfumo huo kila kazi ilikuwa na mwenyewe. Mtunzi alileta maneno na mahadhi. Bendi iliyafanyia kazi mazoezini, chini ya kiongozi kama Michael Enoch, ambaye aliwahi kuwa Dar es Salaam Jazz kabla ya kuitumikia Mlimani Park. Mashairi yalikaguliwa na redio kabla ya kurekodiwa. Kisha bendi nzima ikapiga kwa pamoja. Aliyekaa upande wa pili wa kioo aliitwa fundi mitambo. Aliajiriwa na serikali, na hakuna aliyemdhania kuwa mtunzi. Haki, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966, ilikuwa ya aliyetunga, ingawa wimbo uliorekodiwa RTD ungeweza kusikika hewani miaka nenda miaka rudi bila aliyetunga kuona faida inayolingana na kusikika huko. Mfumo haukuwa wa haki sana. Lakini ulikuwa na kumbukumbu: kanda zilihifadhiwa.

Mambo mawili yaliuvunja. La kwanza ni Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, iliyofungua mlango kwa vituo binafsi. Radio One ilianza kusikika mwaka 1994. Redio zikaongezeka, saa za kujaza muziki zikaongezeka pia, na redio mpya hazikuwa na studio ya kurekodia bendi ya watu kumi na wawili. La pili ni kompyuta. Vijana waliokuwa wakighani kwa Kiswahili tangu mwanzoni mwa muongo huo, kama Saleh J na baadaye Mr II na kundi la Kwanza Unit, hawakuwa na bendi wala hawakuihitaji. Wa kwanza walighani juu ya midundo ya Wamarekani iliyokuwa sokoni tayari. Waliofuata walitaka midundo yao, na hapo ndipo alipohitajika mtu wa kuitunga.

Majina ya watu hao yanafahamika: Bonny Luv katika Mawingu Studio, Master J katika MJ Records, P Funk, maarufu kwa jina la Majani, katika Bongo Records, na Miikka Mwamba, raia wa Finland, katika FM Studio. Kila mmoja anastahili utafiti wake. Linalotuhusu hapa ni kwamba katika chumba cha kila mmoja wao, kazi zilizokuwa za bendi, ya kiongozi wa bendi na ya fundi mitambo ziliangukia mikononi mwa mtu mmoja. Aliyebonyeza kinanda cha umeme kutafuta besi ndiye aliyeamua kiitikio kianze wapi, ndiye aliyemsimamisha msanii mbele ya kipaza sauti na kumwambia arudie, ndiye aliyekata sehemu isiyofaa. Mara nyingi msanii alifika na beti alizoziandika daftarini na wazo la mahadhi, pengine bila hilo la pili. Alitoka na wimbo.

Alilipaje? Hapa ndipo penye kiini cha suala, na panahitaji kutazamwa polepole. Desturi iliyoenea ilikuwa kulipia wimbo, kwa wimbo, fedha taslimu. Malipo hayo yalihesabiwa kama kodi ya studio, yaani gharama ya umeme, mashine na muda, kama vile mtu anavyomlipa fundi cherehani kwa kushona nguo ya kitambaa alichokuja nacho. Mfano wa fundi cherehani unafaa hadi pale tunapojiuliza kitambaa kilitoka wapi. Katika wimbo wa kizazi kipya, sehemu kubwa ya kitambaa ilikuwa ya fundi. Lakini kwa kuwa fedha ilitoka mfukoni mwa msanii, msanii aliondoka na kanda kuu, yaani masta, akiwa na hakika kwamba kila kilichomo ni chake. Akaipeleka kwa msambazaji wa Kariakoo, naye akaikabidhi kwa makubaliano ambayo mara nyingi yaliishia kwenye malipo ya mkupuo. Hivyo utunzi wa prodyuza uliuzwa mara mbili bila yeye kuwapo katika mauzo ya pili.

Itakuwa kosa kuwaonyesha watayarishaji kama wahanga tu. Desturi hii iliwafaa pia. Mauzo ya kanda hayakuweza kuthibitishwa. Nakala bandia zilikuwa kila kona. Na mrabaha unaotegemea hesabu ya msambazaji ulikuwa ahadi ya hewa. Mtu mwenye deni la mashine na bili ya umeme angefanya upumbavu kukataa fedha mkononi kwa matumaini ya asilimia ya kitu kisichohesabika. Wengine walimrekodi bure kijana waliyemwona ana kipaji, kwa makubaliano ya mdomo kwamba mambo yakiwa mazuri watakumbukana. Makubaliano ya namna hii ni ya kawaida katika jamii zetu na hayapaswi kudharauliwa na mtafiti kwa kuwa hayakuandikwa. Udhaifu wake ni kwamba hayana mrithi: aliyeahidi akifa au akigombana na mwenzake, ahadi inakwisha.

Nairobi, katika miaka hiyohiyo, ilionyesha kwamba njia nyingine iliwezekana. Clemo, mtayarishaji wa mtindo wa genge, alianzisha Calif Records pamoja na msanii Jua Cali, hivyo aliyetengeneza mdundo na aliyeghani wakawa wabia katika kitu kimoja. Bongo Records nayo ilikuwa na wasanii wake. Ila katika Dar es Salaam studio ya kulipia kwa wimbo ndiyo iliyoenea, na programu nafuu kama Fruity Loops, iliyotoka mwaka 1997, zilipofika vyumbani mwa vijana wa Sinza na Mwananyamala, kila chumba kikarithi bei ya mkupuo pamoja na mazoea yake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, ilitungwa Tanzania ikiwa imekwisha kujiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 1995 na kubeba masharti yake. Inampa ulinzi mtunzi wa muziki, uwe na maneno au usiwe nayo. Inatambua kazi iliyotungwa na watu zaidi ya mmoja. Kwa maneno hayo pekee, mtengenezaji wa mdundo angeweza kujiandikisha kuwa mtunzi mwenza wa kila wimbo uliopita mikononi mwake. Ugumu ulikuwa katika kuthibitisha. Kazi ilisajiliwa na aliyekuwa na masta. Aliyekuwa na masta alikuwa msanii. Na risiti pekee iliyokuwapo kati yake na prodyuza, kama ilikuwapo, ilisema kodi ya studio. Neno lililoandikwa kwenye kijikaratasi likawa na nguvu kuliko kifungu cha sheria. Zanzibar, yenye sheria yake ya mwaka 2003, haiko nje ya tatizo hili, ingawa muziki wake wa taarab, ambamo mtunzi wa shairi na mtunzi wa muziki hutajwa tofauti, ungeweza kutoa mfano ambao Bara haikuuazima.

Jambo moja linastahili kutajwa hapa kwa kuwa hupuuzwa. Watayarishaji walipokosa nafasi katika hati, walijitengenezea nafasi katika sauti. Msikilizaji wa nyimbo za miaka ya 2000 husikia msanii akilitaja jina la prodyuza au la studio kabla ya ubeti wa kwanza, na leo saini ya sauti ya mtengenezaji kama S2Kizzy hutangulia wimbo wenyewe. Wapo wanaoona hayo kuwa majigambo. Mwandishi anayaona kuwa nyaraka. Ni tamko la utunzi lililowekwa mahali ambapo msambazaji hakuweza kulifuta bila kuuharibu wimbo, na kwa mwanahistoria mara nyingi ndilo ushahidi pekee uliosalia.

Uzito wa suala ulidhihirika mwaka 2016, pale Mahakama ya Wilaya ya Ilala ilipoamuru kampuni ya simu iwalipe wasanii Hamisi Mwinjuma, yaani Mwana FA, na Ambwene Yesaya, yaani AY, zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila ridhaa. Hukumu ilikatiwa rufaa, lakini kwa wanamuziki wengi ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba sekunde chache za wimbo zinaweza kuwa na thamani hiyo. Wadai walikuwa wawili, nao ni waghani. Haisemwi hapa kwamba walimdhulumu mtu. Walidai kilichokuwa chao kwa ujasiri ambao wenzao hawakuwa nao, na Mwinjuma baadaye alikuwa mbunge wa Muheza na naibu waziri katika wizara inayosimamia sanaa. Ila mwito wa simu ni mdundo kabla haujawa maneno. Mpigaji husikia ala kwanza. Kwa walioketi studioni, swali la nani angestahili kusimama mahakamani pamoja na waghani lilikuwa limefika, likiwa na tarakimu ubavuni mwake.

Ugumu wa kulijibu ni wa kimaktaba kuliko wa kisheria. Kanda za RTD zilirithiwa na shirika la utangazaji la taifa, na mtafiti akitaka kujua ni nani alirekodi nini katika muongo wa 1970 anayo mahali pa kuanzia. Studio binafsi hazikuacha rafu za aina hiyo. Diski ya kompyuta ya miaka ile ilikuwa ndogo, na faili za wimbo uliokwisha kulipiwa, zikionyesha kila ala ilivyoingizwa na kwa mpangilio upi, zilikuwa za kwanza kufutwa ili kumpisha mteja aliyekuwa akisubiri kibarazani. Kilichobaki ni wimbo uliochanganywa tayari, sauti zote zikiwa zimeshikana, pamoja na jina lililotajwa kwa haraka kabla ya ubeti wa kwanza.