Miembe ya Njia ya Kasongo

Wajapani wana ginkgo, mti ambao ukoo wake umekuwapo duniani kwa miaka milioni 200 hivi. Bomu lilipoangushwa Hiroshima Agosti 1945, baadhi ya miti hiyo iliungua kisha ikachipua upya. (Urani ya bomu hilo, kwa sehemu kubwa, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Wakongo wana haki ya kulikumbusha jambo hilo kila ginkgo inaposifiwa.) Kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, mti wa kumbukumbu ni mwembe, ambao kwa umri ni mtoto mbele ya ginkgo. Lakini una faida moja kwa mwanahistoria: ni mgeni, na tunajua aliingia na nani.

Asili ya mwembe ni Bara Hindi na nchi za jirani yake. Pwani yetu iliuzoea zamani. Ibn Battuta, alipopita Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali pamoja na achari ya embe. Bara ni habari nyingine. Kokwa ya embe haivumilii safari: ikikauka majuma machache, haioti tena. Msafara wa Bagamoyo ulichukua kama miezi mitatu kufika Tabora, na bado kuna Ujiji, bado kuna kuvuka Ziwa Tanganyika, ndipo ishikwe njia ya Kabambare. Kwa hiyo mtu hakuweza kula embe pwani akazika kokwa Kasongo. Ilibidi mwembe upandwe kituoni, usubiriwe miaka kadhaa hadi uzae, ndipo kokwa zake zisogezwe kituo cha mbele. Kila mwembe mkongwe wa njia ile unaonyesha kwamba kuna waliokaa, si waliopita tu.

Na kukaa huko kuna tarehe. Livingstone alipofika Bambarre, ambayo ndiyo Kabambare ya leo, mwaka 1869, alikuwa amefuatana na msafara wa mfanyabiashara Muhammad Bogharib, na biashara ya pembe za ndovu ilikuwa ndiyo kwanza inapenya huko. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejulikana kama Tippu Tip, alijikita Kasongo katikati ya miaka ya 1870, na Stanley alikutana naye uso kwa uso Oktoba 1876. Mwembe wa Maniema, basi, hauwezi kuwa na umri unaozidi sana enzi hizo. Miaka mia na hamsini hivi, kumbukumbu ya babu wa babu.

Mji wa Kasongo ulikua upesi. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia Kasongo na jeshi la Dola Huru la Kongo, aliandika kwa mshangao juu ya mashamba ya mpunga na miwa na bustani za matunda zilizouzunguka. Wapo wanaosoma maelezo kama hayo na kusema: tazama ustaarabu walioleta Waarabu. Mimi nauliza majembe yalikuwa mikononi mwa nani. Waliofyeka msitu, waliopanda mpunga, waliomwagilia mche hadi ushike mizizi, kwa wingi walikuwa watu wa hapohapo na mateka waliokamatwa vijiji vya jirani. Pembe zilipokwenda Ujiji, wengi wao walikwenda nazo, mzigo begani, na hawakurudi. Kivuli kilikuwa cha wote. Shamba halikuwa lao.

Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili 1893, mbele ya Francis Dhanis, kamanda wa jeshi hilo la Dola Huru, na wapiganaji wa Gongo Lutete, aliyekuwa zamani mtu wa Tippu Tip. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa vitani mwaka huohuo. Kabambare ilitekwa Januari 1894. Baadaye mji wa Kasongo ulihamishwa, na ule wa kale ukabaki Tongoni, ambako wanaakiolojia wamefanya kazi miaka ya karibuni. Nyumba za udongo hazidumu katika mvua za Maniema; mti hudumu.

Hapo ndipo pana mtego. Wabelgiji nao walipanda miembe kando ya barabara zao, na watu hupenda kuuita kila mwembe mnene wa Waarabu. Safu iliyonyooka sambamba na njia ya gari naishuku. Mwembe uliosimama peke yake kwenye mahame, mbali na barabara, una hoja nzito zaidi. Kuhesabu pete za shina hakusaidii sana katika nchi za joto, ambako pete za kila mwaka si za kutegemewa. Zipo, hata hivyo, aina za embe ambazo kokwa yake huotesha miche inayofanana kabisa na mama. Kama miembe ya Tongoni ni ya aina hiyo, majani machache kutoka huko, na mengine kutoka Kabambare, Ujiji, Tabora na Bagamoyo, yanaweza kulinganishwa vinasaba katika maabara na kuonyesha ni vituo vipi vyenye miembe ya ukoo mmoja.